Zamu ya Kumgeuza Mzee

Martina rafiki yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, nilikuwepo siku tulipokuzika, kwa hiyo naruka hapo nianze na ya kwangu. Situlii. Nakaa, nasimama. Namimina chai naisahau mpaka inashika utando. Natoka nje kutazama barabara kana kwamba kuna mgeni nimemwalika, narudi ndani, natoka tena. Majirani wanasema mwalimu akistaafu akakosa watoto wa kufokea, anaanza kufokea hewa. Waache waseme. Nina mambo ya kukueleza, na sijapata mtu mwingine wa kuyasikiliza kama ulivyokuwa ukisikiliza wewe, umeinama juu ya kitanda cha mumeo, umenipa mgongo, unasema, "Endelea Mwalimu, masikio hayana kazi."

Kwanza nina hasira na wewe. Kile kikohozi nilikisikia tangu maharage yakiwa maua. Nikakuambia nenda hospitali, ukasema tukishavuna. Tulipovuna ukasema tukishapura. Baridi ya Juni ikaingia, ukungu ukawa hauondoki Endagikot mpaka jua limepanda sana, na wewe unahema kama umetoka mlimani, kumbe umetoka jikoni tu. Nikakufokea. Ndipo uliponiambia neno ambalo mpaka leo linanizungusha humu ndani: "Nikilazwa mimi, huyu atageuzwa na nani?" Ukanywa maji, ukaenda kumgeuza. Wiki ile ile ulianguka karibu na mafiga, na gari lilipopatikana ulikuwa umeshatutoka.

Unajua tulikuzika kwa mbao za nani? Zile za mkaratusi ambazo Gabrieli, mwanao mkubwa, alizipanga darini mwaka aliopooza baba yake. Zilipimwa kwa urefu wa Mzee, fundi akalazimika kuzikata. Kijiji kizima tulikuwa tumejiandaa kwa msiba wa Mzee Akonaay. Uliniambia mwenyewe kwamba kanisani mlikuwa mnamwombea kila Jumapili, "mgonjwa wetu," kwa jina. Wewe hakuna aliyekutaja, maana ulikuwa unatembea. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimeniuma. Mtu aliyelala tulimwona, aliyemshika asioze hatukumwona.

Maana hakuoza, Martina. Nilikuja kwako miaka yote ile na sikuwahi kukuta harufu nyingine zaidi ya moshi na maziwa. Ulimlaza ubavu huu, ukamlaza ubavu ule, ukamtilia mgongoni mito uliyoishona kwa masweta yaliyochakaa. Mtu aliyeendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano kule Hanang, mtu wa kifua kile, akarudi nyumbani mashamba yalipopewa wenyewe wapya, akaangukia zizini, na tangu siku hiyo upande mmoja ukafa na ulimi ukafa nao. Wewe ulikuwa nusu ya uzito wake. Nilikuuliza unamwezaje. Ukacheka ukasema, "Namvuta kwa shuka, kama gunia la vitunguu saumu. Usimwambie."

Siku ya mazishi walimtoa nje kwenye kiti, wakamfunga kwa shuka asidondoke. Alilitazama jeneza mpaka udongo ulipoisha. Rozina alikuwa akilia "Aayo, Aayo," mama, mama, kwa lugha yenu, na mimi wa Kondoa niliyeishi kwenu zaidi ya nilivyoishi kwetu nikajikuta nalia hivyo hivyo. Mzee hakulia. Alifunga mdomo, na alipoletewa maziwa jioni hakuufungua.

Sasa nikueleze yaliyofuata, na usinikatize.

Emanueli, mdogo wao wa mwisho, alifika kesho yake kutoka Mererani, na vumbi la machimbo bado liko masikioni. Alilia kuliko wote. Akakaa siku chache, akasema anarudi kuaga tu wenzake, halafu anakuja moja kwa moja. Kila mtu akapumua. Unajua ilivyo kwenu kuliko ninavyojua mimi: mtoto wa mwisho ndiye mwenye nyumba ya wazazi, na mwenye nyumba ndiye mwenye wazee. Wakubwa wanaoa wanahama, wanajenga pao, ile nyumba inabaki inamngoja mdogo. Ni utaratibu mzuri. Uliwalea watu karne na karne, wakati mtoto wa mwisho alipokuwa hana pa kwenda zaidi ya malishoni. Lakini siku hizi mtoto wa mwisho yuko chini ya ardhi anatafuta jiwe la bluu, na simu yake haipatikani.

Rozina alibaki. Alimwosha baba yake huku ametazama ukutani, kwa aibu ya binti, na yeye Mzee alifumba macho kwa aibu yake. Nilikuwa nje nafua nikawa namsikia Rozina akisema "samahani baba, samahani baba," kila anapomgusa. Halafu mumewe akatuma mtu kutoka Gitting: mama mkwe naye ameanguka, yuko kitandani, arudi. Akaondoka akigeuka nyuma kila hatua. Sikumlaumu. Mtu mmoja hawezi kukatwa vipande viwili.

Tukabaki mimi na mke wa Gabrieli. Tulimvuta Mzee kwa shuka kama ulivyonifundisha, lakini mke wa Gabrieli ni mjamzito na mimi magoti yangu unayajua. Tena yeye kama mkamwana hawezi kumfunua baba mkwe wake. Tukawa tunamgeuza asubuhi na jioni, mchana analala chali. Siku moja nikasikia harufu. Niliijua kabla sijafunua. Kidonda kilikuwa kwenye mfupa wa chini ya kiuno, chekundu, na katikati yake pameanza kuwa peusi. Nilitoka nje nikashika ukuta. Nilitamani unichape.

Muuguzi wa zahanati, kijana mpole aliyeletwa kutoka Tabora, alikuja kwa miguu akakisafisha, akafunga bandeji. Akasema, "Mama, dawa ninayo kidogo, lakini inayoponya hiki ni kugeuzwa. Akiendelea kulala hivi, hiki kitaingia mpaka mfupani, na hapo sitakuwa na la kufanya." Nikamuuliza kwa nini yeye asije kila siku. Akanionyesha kwa mkono vilima vyote vile, akasema yuko peke yake.

Nikaenda kwa Gabrieli. Akanipa kigoda, akaniamkia vizuri, halafu akasema, "Mwalimu, mimi sijakataa baba yangu. Ila ile nyumba ni ya Emanueli. Nikiingia mle kila siku, watasema mama hajapoa kaburini, Gabrieli ameshaingia kwa miguu miwili. Na mdogo wangu Petro naye ataulizwa hivyo hivyo." Nilimwangalia usoni. Hakuwa anatafuta kisingizio, Martina. Alikuwa amekonda. Mke wake aliniambia anakwenda kila jioni mpaka kwenye ua wenu, anasimama, anarudi.

Nikaenda wilayani. Afisa wa ustawi wa jamii ni mmoja kwa wilaya nzima na pikipiki yake ilikuwa gereji. Alinisikiliza vizuri tu. Akasema makazi ya wazee ya serikali ni kwa wasio na watu, tena yamejaa, na huyu Mzee ana watoto. Nikamwambia watoto wanamngoja mdogo wao. Akasema hayo ni mambo ya familia. Niliporudi nikasimama kwenye mkutano wa kijiji, wakati wa mengineyo, baada ya barabara na madawati na bomba la maji. Nikasema tuna wazee wanaooza vitandani. Watu wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akasema, "Wazo zuri sana Mama Mwalimu, tutalifanyia kazi," wakapiga makofi, wakafunga mkutano. Makofi yale yaliniumiza kuliko kama wangenizomea.

Hapo ndipo nilipoacha kulala vizuri. Nikawa naingia nyumba hadi nyumba. Shikamoo, marahaba, habari za hapa, na bibi yuko wapi? Yupo, amepumzika. Naomba nimsalimie. Wanatazamana. Halafu wanafungua mlango wa chumba cha nyuma. Martina, wako wengi. Nilifika mpaka Masieda kwa rafiki tuliyefundisha naye, nako ni hayo hayo. Bibi anayefungiwa ndani asitoke akapotea, wakati wenyewe wako shambani. Mzee anayelishwa mara moja ili asichafue mara nyingi. Hawa si watu wabaya. Ni watu wamechoka, wana aibu, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Vijana wako Mererani, wako Arusha, wako Babati wanajenga tangu tupate mkoa wetu. Tumebaki sisi wa magoti mabovu kuwabeba wa magoti yaliyokufa.

Nikawaza, hapa watu wanajua kufanya kazi pamoja kuliko mahali popote nilipowahi kuishi. Mtu akijenga, anaita. Akilima shamba limemshinda, anaita. Majirani wote wanakuja, na kazi ikishaitishwa haiachwi katikati, na asiyekuja bila sababu ana kesi kwa wazee. Mimi nimechangia kazi za watu miaka yote hiyo, nimepika vyungu vya watu, sijawahi kuita hata mara moja, kwa sababu shamba langu ni la kunyunyizia kwa kikombe. Basi nikaita.

Nilikwenda kwa mzee wa ujirani wetu, nikamwambia Jumamosi nina kazi. Hakuuliza kazi gani, alifurahi tu kwamba mwalimu ameita. Mimi nikapika chai ya maziwa sufuria kubwa na viazi. Ile nyingine, ya wanywaji, ilipikwa na mke wa Gabrieli, mimi sikuiona wala sikuinusa, na Mungu ni shahidi kwamba nilifumba macho. Asubuhi wakaja na majembe, na mapanga, na mmoja na plau na ng'ombe wake. Nikawaambia nifuateni. Wakanifuata mpaka kwako.

Walipoona ni kwako wakapunguza mwendo. Mmoja akauliza, "Mwalimu, shamba ni lipi?" Nikasimama kizingitini kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya madarasa. Nikawaambia hakuna shamba. Kazi ni kumwosha Mzee, kumgeuza asubuhi, mchana, jioni na usiku, na kufua. Na haiishi leo.

Ng'ombe wa yule wa plau alikojoa, tukamsikia wote. Halafu mzee wa ujirani akakasirika, akaniambia, "Umetudanganya." Nikamwambia sijadanganya, nimesema kazi, na kazi ninayo. Nikamwambia siku mimi nikianguka sina hata mtoto mmoja wa kungojwa, kwa hiyo nina haki ya kuuliza tunafanyaje. Nikasema Gabrieli anaogopa kuingia mle kwa sababu ya midomo yenu. Midomo yenu ndiyo iliyotia kile kidonda. Nililisema hivyo hivyo, mbele ya watu wazima, na nikangoja wanifukuze nirudi Kondoa.

Yule mzee alijiegemeza kwenye jembe. Kisha akageuka akaongea kwa lugha yenu, na ninaielewa siku hizi kuliko mnavyodhani. Aliwaambia wote wamesikia na wote ni mashahidi: anayeingia kwa Akonaay kumgeuza, anaingia kugeuza. Nyumba ni ya Emanueli, ilikuwa ya Emanueli na itabaki ya Emanueli, na atakayesema vingine ana kesi. Akamaliza kwa Kiswahili, akinitazama mimi: "Haya. Kazi ikishaitishwa imeitishwa."

Gabrieli alilaza jembe chini, akavua koti, akaingia. Nilimsikia akisema "Baba," mara moja tu. Petro akamfuata. Wanaume wale wengine wakashika walichoweza: wakachota maji, wakapasua kuni, wakatoa nje kitanda cha pili kupata nafasi, wakatengeneza paa upande ule uliokuwa unavuja na ambao wewe ulikuwa unauwekea beseni. Tukagawana siku pale pale uani, wanaume wa kuosha na kugeuza, wanawake wa kupika na kufua. Sikuandika popote. Kila mtu alibeba siku yake kichwani, na kama ataisahau yuko jirani wa kumkumbusha kwa kelele.

Kidonda kimeanza kufunga. Muuguzi anasema nyama mpya imeota. Mzee anakunywa maziwa, na juzi alimkunjia uso Petro kwa sababu maji yalikuwa ya baridi, tukafurahi kana kwamba ameimba.

Nimepata kichaa kingine pia, nikuambie ucheke. Padre wenu aliniita nisimame wakati wa matangazo, mimi na mtandio wangu, nikawaambia wafungue milango ya vyumba vya nyuma. Baada ya ibada walinizunguka nikashindwa kuondoka. Sasa ujirani wa upande wa pili wa korongo wameita kazi kwa yule bibi anayefungiwa. Nimerudi wilayani, na nitakwenda Babati kwenye ofisi za mkoa, kuomba angalau mtu mmoja afundishwe kila kijiji, apewe glavu na mpira wa kutandika, atembelee wanaouguza. Maana ujirani unachoka, Martina. Masika ikija kila mtu atakuwa na shamba lake, na najua siku zitaanza kurukwa. Naliogopa hilo. Wakiniambia wazo zuri, safari hii sitaondoka, nitakaa kwenye benchi lao mpaka wanichoke.

Halafu Emanueli akarudi. Habari zilimfikia huko alipo zikiwa zimepinda, kwamba kaka zake wameingia nyumbani kwake. Alikuja amefura, hakuamkia mtu. Akaingia ndani akamkuta Gabrieli amepiga magoti anamkausha baba yao katikati ya vidole vya miguu. Akasimama pale. Akatoka nje, akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni, na jioni walipokutana wote uani akasema, "Kaka, chukueni tu nyumba. Na shamba. Mimi haya siwezi, siyajui, naogopa kumshika." Nilidhani Gabrieli atamrukia. Gabrieli alimwangalia tu, akasema, "Nyumba hatuitaki. Tunataka Jumanne yako. Hatuna mtu wa Jumanne."

Jana ilikuwa Jumanne. Nilijizuia nisiende. Mchana nikashindwa, nikapita kama mtu anayekwenda kutafuta majani ya mbuzi, na wewe unajua sina mbuzi. Mlango ulikuwa wazi. Mito ilikuwa imetolewa juani kukauka, na nadhani Emanueli alikuwa hajui atamzuia baba yake kwa kitu gani asirudi kulala chali. Basi alikuwa amepanda kitandani mwenyewe. Amelala ubavu nyuma ya Mzee, na mabuti yake ya machimboni miguuni, amemkumbatia kwa mkono, anamshikilia kwa kifua chake asigeuke. Wote wawili walikuwa wamelala usingizi.

Sikubisha hodi. Nilirudi nyumbani nikalia mpaka nikachoka, na nilipomaliza nilikaa kwenye kiti na sikusimama kwa muda mrefu.

Sijui atakaa mpaka lini. Sijamuuliza, naogopa jibu. Lakini nakuahidi hili: maadamu Mzee Akonaay anapumua, hakuna siku itakayopita bila kuwa na mwenyewe, na zitakaporukwa nitagonga milango mpaka niitwe mwendawazimu. Alhamisi ni yangu na Petro. Kesho ni Alhamisi, kwa hiyo naiacha barua hapa niloweke shuka. Lala, Martina. Lala ubavu unaoutaka.

Rafiki yako,
Mwalimu Zainabu